Pale Pasipoungua

Garaji la kwanza liliungua Novemba,
nyuma ya Mtaa wa Selkirk, saa tisa usiku,
na maji ya wazimamoto yakaganda kabla ya kutua.
Likafuata la pili, la tano.
Kufikia Januari yalikuwa kumi na saba.

Winnipeg ikalala jicho moja.
Sajini Desautels akakusanya majina mia nne
ya watu waliowahi kuchezea kiberiti,
akaniletea boksi zima, akalitua mezani pangu:
"Oddný, chagua."

Mimi sijui majina. Najua mwendo.
Najua kwamba mtu akitoka kwenda kutenda ovu
hubeba nyumba yake mgongoni kama konokono:
njia ya kwenda kununua mkate,
kituo cha basi, daraja la reli alilovuka utotoni.
Haendi mbali, miguu ni mivivu.
Hachomi mlangoni pake, jirani ana macho.
Basi kati ya uvivu na woga
anaichora anwani yake, nukta kwa nukta,
na hajui kama anachora.

Nikapachika nukta zake kumi na saba.
Kompyuta ikahesabu hadi kahawa ikapoa,
kisha ikaupaka mji rangi:
samawati pembezoni, manjano, chungwa,
na katikati, pale pasipoungua hata kibanda,
vichochoro sita vyekundu kama kaa la moto.

Humo aliishi Bibi Halyna Prokopchuk,
ambaye kila Jumapili aliwasha mshumaa
kumshukuru Mungu kwa kuuepusha mtaa wake.
Alimkaribisha Desautels, akampa chai na keki ya asali.
"Sisi tumehifadhiwa," akasema.
Ngazi zake zilikuwa zimefagiliwa theluji, zimemwagiwa chumvi.
"Kijana wangu wa juu, mpangaji. Ana mkono mwema."
Glavu za kijana zilianikwa karibu na jiko.
Zilikuwa zimekauka zamani.
Ncha za vidole zilikuwa nyeusi.
Desautels akakiweka kikombe chini.

Wakamchukua alfajiri. Hakukimbia.
Bibi aliuliza swali moja tu:
sasa nani atamfagilia ngazi?

Gazeti likaandika kwamba mashine imemkamata.
Uongo. Mashine ilisema tu: anzieni hapa.
Mwaka juzi ilisema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile,
na kwa siku tisa tukagonga milango
ya watu wasiojua lolote.
Mmoja wao alihama mji.

Usiku ule sikupata usingizi.
Nikamwaga risiti zangu mezani, za mwaka mzima:
duka la dawa, bwawa la kuogelea,
mkahawa ninaokaa dirishani, sili.
Nikazipachika. Kompyuta ikapaka.

Katikati pakaiva, pekundu,
na hapakuwa kwangu.
Palikuwa Mtaa wa Aberdeen, nyumba ya baba,
niliyoizunguka miaka sita
bila kupiga hodi.