Kitufe cha B

Onchiri, jana kwa simu uliniuliza
slaidi ngapi zitatosha Alhamisi.
Hesabu hiyo sina. Nina aibu moja tu, nitakupa hiyo,
ya ghorofa ya tisa kule Upper Hill,
mwaka ule mvua ya Aprili ilipokataa kwenda zake.

Nilikuwa na slaidi arobaini na moja.
Usiku kucha nilikuwa nimezipamba kama bibi harusi:
herufi zikiruka kutoka kushoto kama panzi,
grafu ikipiga pindu mbili kabla ya kutua,
maandishi ya machungwa juu ya zambarau,
na nembo ya idara kila pembe,
utadhani kuna mtu angetuibia mtaro.

Nikawapa mgongo watu wazima kumi na wawili,
nikawasomea ukuta.
Wao walikwisha kusoma. Wakanisubiri mwisho wa kila mstari
kama anavyosubiriwa mtoto anayejifunga kamba za viatu.
Kufikia slaidi ya kumi na tisa, Bi. Naisiae, mwenyekiti,
alikuwa akipanga vibanio vya karatasi mezani
kimoja baada ya kingine, mstari ulionyooka,
kazi safi kuliko yangu.

Ndipo Musembi wa mitambo, aliyeinama kurekebisha waya,
akanong'ona bila kuinua kichwa:
Dada, bonyeza B.
B ya nini?
We bonyeza.

Ukuta ukazimika.
Nikasikia feni ya projekta, mvua kwenye vioo,
mtu akimeza mate.
Nyuso kumi na mbili zikanigeukia taratibu
kama alizeti zilizogundua jua si lile.
Sikuwa na kitu cha kusoma.
Mikono yangu, Onchiri, sikujua ni ya nani.

Nikasema: Mama Atemo anakaa Kariobangi, kando ya mtaro.
Wingu likitanda, hupandisha vitu kitandani kwa zamu,
unga kwanza, kisha madaftari,
mtoto mwisho,
kwa kuwa mtoto anaweza kupanda mwenyewe.

Bi. Naisiae akakiacha kibanio hewani.

Na habari hiyo ilikuwamo muda wote,
slaidi ya thelathini na tatu, kitone cha sita,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Hatukupewa pesa zote. Tulipewa za mita mia mbili.
Nyumba ya Mama Atemo iko mita ya mia mbili na hamsini.
Sijui nikuambie nini juu ya hilo.

Fungua faili yako usiku huu, ufute.
Ukifika mahali unapofuta kwa uchungu, endelea kidogo.
Takwimu zishushe kule chini, kwenye maelezo ya msemaji,
unakoziona wewe peke yako;
ukutani weka picha moja ya maji yale, ijae ukuta mzima,
wala usiieleze.
Kisha jirekodi kwa simu, jikoni, maharagwe yakichemka.
Mimi nilijihesabia "yaani" ishirini na saba
ndani ya dakika nne.
Inauma kama kuitwa mbele ya darasa.
Sikiliza tena.

Na kule mwisho usiandike ASANTE
kwa herufi kubwa zinazometameta.
Waangalie, uwaambie.

Nenda mapema, chomeka waya kabla hawajaketi,
na ubebe adapta yako mwenyewe.
Hii niliyo nayo mimi ni ya Musembi,
sijamrudishia hadi leo.