Koti Namba Mia na Kumi na Nne

Jumamosi, Łódź, mvua isiyoamua kama ni mvua au theluji.
Mimi ndiye mtunza makoti.
Nawajua watu kwa kola zao kabla sijazitazama nyuso:
haya ya manyoya, yananuka nondo na marashi ya misibani,
yamekuja kusikiliza fidla;
hizi jaketi za kofia, mifuko imejaa tiketi za tramu
na maganda ya alizeti,
zimekuja kwa ajili ya Ziemek.
Nimezitundika bega kwa bega.
Zilizoeana kabla ya wenyewe.

Ukumbi huu ulikuwa kiwanda cha pamba.
Sakafuni bado yapo matundu ya skrubu
palipong'olewa mitambo ya kufumia.
Visigino vya wanawake hunasa humo.

Bi Genowefa alinivulia koti la kahawia, nikampa kibati.
Sikumwambia karibu; nilimwonyesha kwa kiganja.
Miaka thelathini na miwili kwenye ghorofa hii hii
ilimla masikio yote mawili.
Walimuaga kwa cheti
na saa ya mezani inayogonga.
Ziemek ni mjukuu wake.

Kiongozi na kifimbo, hewani akainua,
Fidla zikashika wimbo, kwa adabu na hatua,
Zeze kubwa zenye tumbo, chini chini zikatua,
Watu wakawa mapambo, hakuna wa kukohoa.

Halafu
du.
Du-ka. Du-ka-ka.
Breki ya tramu kwenye kona,
lifti ya magorofa ya Bałuty ikigoma kati ya tatu na nne,
kizibo cha chupa, kicheko cha mtu ngazini,
vyote vimekatwakatwa, vimepangwa,
na kijana mwembamba mbele ya mashine yenye taa
anatingisha kichwa kana kwamba anakubaliana na mtu.

Mzee mmoja akanijia mbio: "Koti langu. Huu si muziki."
Nikampa.
Akavaa mkono mmoja.
Mwingine ukabaki unaning'inia,
naye kasimama pale mlangoni, uso kwa jukwaa.

Fidla zikataka njia, mdundo ukaiziba,
Filimbi ikakimbia, mdundo ukaiiba,
Kijana akaachia, sauti ya vyuma saba,
Chumba chote kikalia, kama kinafuma pamba.

Kina kimekatika hapo, najua.
Nyuzi nazo hukatika.

Ziemek alikwenda makumbusho na kinasa sauti,
akambembeleza mlinzi awashe mtambo mmoja uliosalia,
dakika tatu tu, mkuu asijue.
Sasa mtambo ule umerudi nyumbani kwa njia ya spika
na matofali yanautambua.
Vibati vyangu vinacheza kwenye misumari.

Orkesta imepotea.
Kiongozi anapekua karatasi, jasho linamtoka,
wapiga fidla wanatazamana juu ya pinde.
Na safu ya kwanza, Bi Genowefa
amevua kiatu.
Unyayo uko sakafuni, soksi ya sufu, kisigino kimetobolewa.
Mguu unahesabu.
Kisha mkono wa kulia unanyanyuka mapajani,
kidole gumba na cha shahada vinatafuta kitu hewani,
vinakipata, vinakifunga fundo,
vinakiachia.
Tena, mdundo wa nane. Fundo.
Tena.

Kiongozi akamwona.
Akaufunga ule mkufu wa karatasi zake,
akageuka nusu, mgongo kwa fidla, macho kwa kile kidole,
na fundo la nne lilipofungwa
orkesta nzima ikaingia.

Sijui niwaambieni nini zaidi. Nilikuwa mlangoni.
Niliyaona makoti yakitikisika, manyoya na kofia,
na yule mzee, mkono wake mtupu ukipunga peke yake.

Usiku alinirudishia kibati, mia na kumi na nne.
Nikamvalisha.
Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia,
ukumbi wote ukageuka:
"Ule mtambo, uzi wa kushoto umelegea.
Mwambie mtoto akaukaze."