Siki

Treni ya Kigoma ikichelewa, mimi ndiyo napata.
Abiria mwenye njaa haulizi bei ya yai.
Nalipasua kwa uzi, natia kachumbari, chumvi,
na siki kutoka chupa ya soda niliyoitoboa kizibo.
Miaka kumi na mmoja stesheni ya Tabora,
mikono inanuka siki hata sikukuu ya Idi.

Sikujua.

Kalunde, tulionyonya ziwa moja,
alianza kutokwa damu mwaka ule tumbaku ilipokosa mnunuzi.
Tukasema chango.
Tukamchemshia mizizi, tukamchemshia tena.
Kanga zake alizifua usiku, akazianika ndani,
na mumewe alipouliza harufu ile ni ya nini
akajibu: panya kafia darini.
Panya!
Yeye aliyejifukiza udi hata akienda kuchota maji.

Alipanda daraja la tatu kwenda Dar, kakumbatia mto wa sufi.
Daktari alituuliza moja tu: Mlikuwa wapi?
Nilitaka kusema, stesheni. Nilikuwa nauza mayai.

Mto ulirudi.

Mwezi wa pili nikaenda zahanati, Ng'ambo, kabla sijabadili nia.
Nesi anaitwa Sikitu, mfupi, ana viatu vya mpira.
Nikapanda kitanda, nikahesabu mbao za dari:
kumi na tisa, moja imeliwa na mchwa.
Akachovya pamba.
Ile harufu ikanipanda puani, nikanyanyuka nusu.
"Sista, hiyo si siki?"
"Siki, mama. Tulia dakika moja.
Penye ubaya panageuka peupe."

Nikacheka hadi nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki.
Siki!
Ninayowanyunyizia watu wa Urambo, wa Kaliua, wa Uvinza,
wakiipangusa midomoni kwa kiganja,
ndiyo ingemwonyesha Kalunde doa lake
lingali dogo kama punje ya mtama.

Langu lilikuwepo.
Jeupe, upande wa kushoto.
Akalichoma siku ileile; maumivu kama ya mwezini,
si zaidi. Wiki sita, akasema, baba akae kando.
Usiku nikamwambia Maganga.
Akanyamaza, akavuta shuka, nikadhani kalala.
"Afadhali," akasema gizani, "hukuniambia panya."

Sasa imekuja barua ya shule. Chanjo ni Alhamisi.
Nyamizi ana miaka kumi na miwili,
magoti yamejaa makovu ya kuruka kamba.
Mama Shija naye kaja na lake: inafunga kizazi.
Uvumi haukati tiketi, na hufika kabla ya treni.
Nani kakwambia? Watu.
Na cha Kalunde, nikamuuliza, kilifungwa na nani?
Aliondoka chai ingali na moshi.

Hapa ndipo reli inapoachana: Mwanza, Kigoma, Mpanda.
Nimemtazama miaka yote kijana wa pointi.
Ule mkono wa chuma huuvuta mapema,
treni ingali mlio tu, huko mbali, kwenye miyombo.
Magurudumu yakishapita,
hata ungekuwa na nguvu za trekta, utavuta nini?

Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa ya Nyamizi, ya waridi, inavuja.

Kanijia stesheni Alhamisi jioni,
kashika bega kama aliyebeba ndoo ya ulimwengu.
"Imeuma?"
"Kidogo. Zuhura ndiye kazimia, na alikuwa bado hajachomwa."
Nikamwambia lililobaki, maana sindano haimalizi yote:
ukiwa mkubwa nawe utapanda kile kitanda,
utahesabu mbao.
Hakunisikiliza. Alikuwa anatazama beseni.
"Mama, nipe yai."
Nikalipasua.
"Weka siki," akasema, "nyingi."