Chembe Moja

Umeme ulikatika saa nane mchana, kama desturi ya Alhamisi,
na Profesa Mwadi akanituma soko la Kenya
nikanunue barafu kwa wauza tomsoni.
Nilirudi Kasapa na ndoo inayonuka samaki.
Tukavilaza vichupa vyake humo, kimoja kimoja,
kama mtu aliyeachiwa watoto wa jirani.

"Kimeng'enya kikipata joto," alisema, "hujisahau.
Hukunjuka. Kinabaki uji tu."

Ndani ya kila mkunjo, chembe moja ya shaba.
Moja,
imeshikwa na mikono minne ya protini
kama kaa la kuombea moto, lisidondoke njiani.

Nikamwuliza. Maana baba yangu alilisha tanuru
miaka thelathini na mmoja, chini ya bomba lile refu,
na alichopewa kurudi nacho ni saa ya ukutani;
kikohozi alijichukulia mwenyewe.
Mama Profesa, malori yanaelekea Kasumbalesa usiku na mchana,
tani juu ya tani,
wewe chembe moja ya nini?

Hakucheka. Alifuta miwani kwa pindo la kitenge.
"Umewahi kumtazama mshenga?
Anaingia nyumba hii, anatoka nyumba ile,
na wasiosalimiana wanakula bukari sahani moja.
Arusi ikiisha anarudi kwake
na viatu vilevile, vumbi lilelile,
kesho apige hodi kwingine.
Ndiyo kazi yake chembe hii.
Haioi, haiolewi, haipungui."

Halafu akasema: "Pumua."
Nikapumua.
"Kabla hujamaliza, zinki moja ndani ya damu yako
imekwisha kupiga hodi mara milioni."

Nikamwona baba mlangoni pa tanuru,
moshi ukiingia kwa amri ya kampuni,
na ndani yake, gizani, madini yasiyo na mkataba
yakiitoa hewa iliyochoka, pumzi kwa pumzi,
bila zamu, bila king'ora,
hata Jumapili, hata siku za mgomo.

Sikumwambia hayo. Nilikoroga barafu.

Saa tano usiku friji ilikohoa, taa zikawaka.
Tulihesabu: vichupa tisa, viwili vimeharibika.
Mwadi alinisogezea daftari na kalamu.
"Andika saba," akasema,
akanusa vidole vyake.
"Habari za tomsoni usiandike."