Meza ya Saba

Walitualika kwa barua, si kwa simu,
karatasi nene kama ganda la yai la bata.
Odiel akaisoma amesimama.
"Watu wa Gent," akasema,
"wananikaribisha nyumbani kwangu."

Nikavaa viatu vya kanisani.
Yeye akavaa kofia, ile ile.
Nilimwambia avue, akajifanya kiziwi,
na sikio moja kweli ni kiziwi,
ila sijawahi kujua ni lipi.

Zizi tuliliuza mwaka wa mvua zile,
viazi vilipooza ardhini Westhoek nzima
na wanetu wawili wakakataa shamba,
mmoja kwa maneno, mwingine kwa kwenda Antwerpen.
Joris na mkewe walikuja na gari dogo la umeme,
wakagongagonga kuta kama daktari kifuani,
wakasema: lina roho.
Lilikuwa na panya. Nilinyamaza.

Sasa sakafu niliyoisugua miaka arobaini
inang'aa bila mimi.
Mfereji wa mkojo wameufunika kwa kioo,
wametia taa ndani,
na wageni wanaukanyaga polepole,
glasi za mvinyo kwenye ncha za vidole.
Nilihesabu kutoka mlangoni, kori hadi kori:
meza yetu ni pale alipolala Bella,
na Bella aliyemfuata, na wa tatu,
maana kila aliyekufa alirithiwa jina,
na wote walipiga teke.

Mhudumu, kijana wa Hilde wa posta,
akainama, mkono mmoja mgongoni:
"Liki hizi zimetoka mita mia tatu tu kutoka hapa."
"Mia tatu na arobaini," Odiel akasema.
"Na pale hapafai liki, maji yanatuama.
Mwambie bwana wako."
Lakini alizila zote,
akapangusa sahani kwa mkate
mpaka ua lililochorwa chini yake likatokea.

Kisha ikaja bitiruti.
Si ile nyekundu ya bustanini.
Hii ya njano, kubwa kama kichwa cha mtoto, ya mifugo,
imeokwa ndani ya nyasi kavu,
imekatwa vipande vinne, vinne tu,
na siagi ya kahawia juu.
Meza ya jirani wakaipiga picha.
Odiel akaitazama
kama aliyemwona mtu wa kijijini mwake kwenye gazeti.
"Hii niliwapa akina Bella
majira thelathini ya baridi.
Hakuna aliyenitaka nimsimulie ilikotoka."

Uma ulipotea mkononi mwake.
Mkono ule umezoea uma mwingine,
wa meno manne na mpini wa mti, wa samadi.
Jina moja, lakini ni huu mdogo
uliomtetemesha.

Akala. Akatafuna upande wenye meno.
Nje mvua ilianza, ile nyembamba ya kwetu,
ambayo hainyeshi, inakaa tu.
"Tamu," akasema, kwa hasira,
kama mtu aliyegundua
kwamba ng'ombe walimficha jambo
miaka yote ile.

Niliichungulia menyu chini ya meza.
Bei ya sahani hiyo
ni bei ya ndama dume mwaka tuliouza.
Sikumwambia. Hesabu nyingine
mtu hulala nazo upande wake wa kitanda.

Pete ya chuma bado imo ukutani.
Wameifunga maua makavu.
Odiel aliyachomoa moja moja, bila haraka,
akayaweka kando ya chumvi,
akatundika kofia.

Tulitoka kabla ya kahawa.
Nilikuwa nahangaika na mwavuli,
nikageuka kumtafuta.
Amesimama mlangoni gizani,
bega limeegemea ubao,
mkono unapapasa, unalipata komeo bila macho.
Akalishusha. Akalitikisa mara mbili,
kama kila usiku,
asije akatoka hata mmoja.
Ndani, watu thelathini na wawili
na vijiko vyao.

"Twende," akaniambia. "Wametulia."