Nyumba ya Bugando

Ghala la pamba, Igogo. Bado linanuka mbegu.
Wachoraji wanne wametundika nyumba ileile:
kwa Nkwimba mlango ni wa bluu,
kwa Lugoye hakuna mlango, giza tu lenye kitasa.
Sayi kachora mawe ya mlimani, makubwa kuliko paa,
na Mbalu karatasi tupu,
doa la maji pembeni.

Shangazi yangu, aliyezaliwa mle,
alizipita mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.
"Waongo hawa watoto.
Mlango ulikuwa wa bati. Ulikuwa unalia."

Kwenye karatasi tupu akavua miwani,
akaligusa lile doa kabla mlinzi hajasema kitu.
"Hapa ndipo palipokuwa pakivuja."

Akatazama sakafuni,
akitafuta sufuria.