Arobaini na Tatu kati ya Sitini

Miaka miwili na miezi mitano nililingoja,
kama mtu anayeposa kwa watu wenye madaha:
leo wametuma barua, kesho picha ya uzi,
wakauliza, viti vishonwe kwa rangi gani?
Manjano, nikajibu. Manjano ipi? Ziko kumi na nne.
Nikasimama jikoni, simu sikioni,
nikafungua kopo la bizari.
Hii hapa, nikasema.

Alhamisi ya mwezi wa tano, dukani Al-Ghubra,
Bwana Ghassan akalivua shuka
taratibu, kama kungwi mbele ya wakwe.
Ukilisogelea, jeusi;
ukirudi nyuma hatua mbili, kijani.
Kizingitini mwa mlango, kibati cha fedha kama ukucha:
43/60.
Nikaweka kidole juu yake. Baridi.
Bei sitaitaja. Mke wangu anasoma mashairi.

Barabara ya Batina ilikuwa tupu baada ya alfajiri.
Sijui nisemeje juu ya sauti ile.
Haikuwa ngurumo. Ilikuwa kitambaa kizito
kinachochanwa kwa mkono mmoja, pindo hadi pindo,
na kila kikichanwa kinabaki kizima.
Barka ikaja, ikapita. Mitende ikawa mstari.
Kengele ya mwendo ikaanza, ti, ti, ti,
na mimi, mtu wa miaka hamsini na miwili,
mhasibu, mwenye shinikizo la damu,
nikacheka peke yangu mpaka miwani ikapata ukungu.
Kisha mwanga mweupe wa kamera. Mara moja.
Halafu wa pili.

Lakini mama anakaa Mawaleh, mtaa wa ndani,
na mtaa ule una tuta.
Si tuta la serikali. La majirani,
walilimwaga wenyewe kwa saruji na ndoo
mwaka ule mtoto wa kina Nabhani alipokoswakoswa.
Nikabonyeza kitufe, pua ikainuka vidole vinne.
Krrr.
Gari la mwendo wa mia tatu na ishirini
limeshindwa na kitu kinachorukwa na baiskeli ya mtoto.
Nikaliacha palepale, nikaenda kwa miguu.

Mama akatoka na chetezo,
akalizungushia moshi wa udi mara tatu, la husuda lisilipate.
Akachungulia.
"Viti viwili?"
Viwili, mama.
"Na wengine wapande wapi?"
Nikamwonyesha kibati. Nikamweleza:
dunia nzima yametengenezwa sitini tu,
hili la arobaini na tatu, halitakuwapo jingine.
Akanyamaza, akahesabu kwa vidole,
akamtaja Zahor, akamtaja Khole, akamtaja yule aliyekufa kabla ya jina.
"Mimi wa saba katika kumi na mmoja," akasema.
"Hakuna aliyenichongea bati."

Sikuwa na la kujibu, wala yeye hakulingoja;
keshavaa viatu, keshashika mkoba.
Kuingia kulichukua dakika tano:
goti la kulia, bismillahi, kisha la kushoto,
kisha kishindo kidogo.
"Hili si gari, Mundhir. Hili beseni."
Akavuta mkanda, akaunusa.
"Twende Sib. Saa hizi jodari anashuka bei."

Jodari hakuenea kwenye buti.
Buti lenyewe liko mbele, na lina nafasi ya mkoba mmoja
na mwavuli ulioletwa na gari, ambao hapa hatuujui kazi yake.
Mama akampakata, kafungwa gazeti,
mkia nje ya dirisha kama mkono unaoaga,
na barafu ikayeyuka, tone kwa tone,
juu ya uzi wa bizari.

Nilifungua mdomo. Taa ikawa kijani.
"Kanyaga basi," akasema, "nikuone."